Mabega ya Minobe

Juni 7, Jumatatu. Mawingu.

Daktari wa masikio kule Tokyo ameniagiza niandike kila siku sauti ambazo sikuzisikia. Sijui mtu anaandikaje kitu ambacho hakukisikia, lakini nilimwitikia kwa kichwa, kama ninavyomwitikia kila mtu siku hizi. Daftari nimelinunua stesheni hapa Kyoto. Sikio la kulia lilikufa miaka minne iliyopita. La kushoto bado linasikia milango, ngoma na wanaume wenye sauti nzito. Wanawake limewaacha tangu mwaka jana, mke wangu akiwemo.

Kifaa cha kusikia nimepewa, kidogo, rangi ya ngozi. Nakivaa chumbani tu. Kazini hakiwezekani: naigiza samurai, na wigi la samurai linaacha masikio yote mawili nje, mbele ya kamera zinazoonyesha mpaka vinyweleo. Isitoshe, hakuna anayejua. Mimi ni Kuramochi Ryusaku, nina miaka sitini na miwili, na huu ni msimu wa sita wa tamthilia yenye uso wangu kwenye bango. Wakijua kwamba mpiga upanga wao hasikii, wa saba hautakuwepo, na tamthilia za samurai zimebaki chache mno mtu kupata nyingine.

Juni 8, Jumanne. Mvua nyepesi.

Kusoma mswada kwa pamoja. Watu ishirini, barakoa ishirini. Huu ni mwaka wa pili wa barakoa, na zimeniweza. Zamani nilisoma midomo ya watu vizuri hata nikasahau kwamba nasoma. Sasa barakoa zinavuliwa wakati wa kurekodi tu, kwa hiyo kwenye mazoezi mimi ni mjinga, na kamera ikiwashwa narudi kuwa Kuramochi. Wanadhani najibana makusudi, kwa maringo. Nawaacha wadhani hivyo.

Nagakubo, mwongozaji wetu, ana miaka thelathini na nane na huongea huku akitazama karatasi. Aliniuliza jambo refu. Wote wakanigeukia. Nikasema, "Ndiyo, kabisa." Wakapiga makofi! Baadaye Bi Odagiri, meneja wangu, akaniandikia kwenye simu: Mzee, kweli utapigana na watu kumi na watatu kwa mkupuo mmoja, bila kamera kukatishwa, bila mtu wa kupigana mahali pako?

Nikamjibu: Kabisa.

Juni 10, Alhamisi. Mvua.

Sauti niliyoikosa: mvua. Niliona madimbwi tu.

Juni 12, Jumamosi. Mvua.

Mazoezi ya mapigano. Mwalimu Iba ndiye anayepanga nani aingie lini na nani akatwe wapi. Wa kwanza kuingia na wa mwisho kufa ni Minobe Yasuji, kama kawaida.

Minobe ni mtu wa kukatwa. Ndiyo kazi yake. Tuliingia studio hii mwaka mmoja, mimi nina kumi na tisa, yeye ishirini na moja, tukawekwa chumba kimoja bwenini. Mwaka mzima tulikatwa pamoja na kuanguka topeni pamoja. Kisha mwongozaji mmoja akaupenda uso wangu. Nikapewa sentensi, nikapewa filamu, nikapewa televisheni, na tangazo la dawa ya tumbo ambalo mpaka leo watu wananiimbia barabarani. Uso wa Minobe haukupendwa na mtu. Kwa hesabu yake mwenyewe nimemuua mara mia nne na kitu, na jina lake halijawahi kuandikwa kwenye skrini hata mara moja.

Siku hizi amezeeka, mwili haumtulii. Huzunguka mbele yangu na upanga wake, na kila mara mabega yanamchezacheza, mara la kushoto linashuka, mara la kulia. Leo nilimwambia mbele ya wote:

"Minobe, hayo mabega vipi? Unapigana au unacheza ngoma?"

"Samahani, bosi," akasema, barakoa ameishusha kidevuni.

"Miaka arobaini na mitatu bado unafundishwa kusimama?"

"Ndiyo hivyo, bosi. Kichwa kigumu."

Wenzake wakacheka. Raundi iliyofuata akayachezesha tena. Alinikera sana.

Juni 14, Jumatatu. Mvua.

Viatu vyangu vimeota ukungu. Chizuru kaandika: Pokea simu, mume wangu. Nikamwandikia: Nina kazi.

Juni 16, Jumatano. Mvua.

Kurekodi mazungumzo kumesimama mara sita kwa sababu mvua inapiga mabati ya studio na fundi sauti analalamika. Nilikaa kitini nikitikisa kichwa kwa masikitiko pamoja na wengine.

Juni 19, Jumamosi. Mvua kubwa.

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Tulikuwa nje, kwenye mtaa wetu wa mbao wa zamani za samurai. Nagakubo alikuwa ameingoja mvua ya kweli, na leo kaipata. Kabla ya kuanza, Mwalimu Iba alinijia chini ya mwavuli, barakoa imemfika machoni, akaongea kama dakika nzima huku akinionyesha ardhi. Nilidaka maneno mawili: "tope" na "Minobe". Nikaitikia kwa kichwa. Akanipiga begani akaondoka.

Sasa najua alichosema. Mpango wa zamani ulikuwa: mwishoni nakata chini, Minobe anaruka nyuma. Lakini pale pa kurukia palikuwa panateleza, kwa hiyo Iba alibadilisha: nikate juu, Minobe apite chini. Kila mtu alisikia. Hata mama wa chai alisikia.

Tukaanza. Na lazima niseme ukweli, nilikuwa mzuri. Walikuja kutoka mbele, ubavuni, mgongoni, nami niligeuka kwa kila mmoja kwa wakati wake, mtu wa nne, wa saba, wa kumi, bila kusita. Nilijisikia kijana. Nilijiambia kwamba daktari hajui kitu, kwamba mwili wangu una masikio yake. Akabaki Minobe. Nikakata chini, kwa nguvu zote. Naye alikuwa ameinama, anapita chini, kama alivyoambiwa.

Upanga wetu ni wa aluminiamu, hauna makali, lakini bado ni metali. Ulimpata juu ya jicho. Kwanza nilidhani ni mvua inayomtiririka, kisha nikaona rangi.

Mafundi wakakimbia. Kabla hawajafika, Minobe alipiga magoti topeni, akainamisha paji la uso mpaka chini, damu ikichanganyika na maji, kisha akainua uso, na kwa kuwa barakoa hakuwa nayo nilimsoma kila neno:

"Nisameheni wote. Nimeinama kabla ya wakati. Kosa ni langu."

Katika kazi yetu ndivyo ilivyo. Upanga ukikosea, anayeomba radhi ni aliyekatwa. Hata mimi niliomba radhi hivyo mwaka ule nilipokuwa nakatwa. Aliyekata kazi yake ni kusema "hapana, hapana, ni mimi," na jambo linaisha.

Sikusema "ni mimi." Iba alimtazama Minobe, akanitazama mimi, kisha akaanza kumfokea Minobe. Nikasimama na upanga wangu, maji yananitoka kwenye wigi, nikasema, "Uwe mwangalifu." Ndiyo maneno niliyomwambia mtu mwenye damu usoni. Naona aibu kuyaandika.

Juni 20, Jumapili. Mvua.

Nyuzi saba. Jicho limesalimika. Nimemtuma Bi Odagiri apeleke tikiti maji la boksi, lile la zawadi kwa wagonjwa. Aliporudi nikamuuliza Minobe kasema nini. Akaniandikia: Kauliza kama wewe umekula.

Juni 22, Jumanne. Mvua.

Iba amemwondoa Minobe kwenye orodha. Si kwenye sehemu hii tu, kwenye mapigano yote. Niliambiwa nikiwa chumba cha kupambwa, naye Iba kwa heshima alivuta barakoa chini.

"Macho yake yamechoka, Bwana Kuramochi. Leo kaumia yeye. Kesho ataumizwa mwingine."

"Ameshakaa sana," nikasema.

"Ameshakaa sana," naye akasema.

Nikajiambia kwamba Minobe ni mtu wa miaka sitini na minne, atapumzika, magoti yake yatashukuru. Nilijiambia hivyo asubuhi, mchana na wakati wa kuoga.

Juni 24, Alhamisi. Mvua.

Hakuna la kuandika.

Juni 26, Jumamosi. Mvua, kisha mvua zaidi.

Kurudia pigano lile. Mahali pa Minobe kawekwa kijana anaitwa Shiba, mwepesi, mwenye adabu, mabega yametulia tuli. Niliyatazama nikafurahi. Hatimaye mtu anayejua kusimama!

Wa kwanza akaja mbele, nikamkata. Wa pili mbele, nikamkata. Kisha nikangoja. Shiba alikuwa mbele yangu, hafanyi kitu, ananikodolea macho. Nikaona macho yake yananipita, yanatazama nyuma yangu. Nikageuka. Wanaume watatu walikuwa wamesimama mgongoni kwangu, mapanga juu, vinywa wazi. Walikuwa wamepiga kelele ya kushambulia, wakangoja nigeuke, wakapiga tena. Mmoja alikuwa ameshaanza kuteremsha upanga polepole, hajui afanye nini.

"Tena," nikasema.

Tukarudia mara kumi na moja. Kumi na moja! Mara nikigeuka mapema na kukata hewa, mara nikichelewa na wao wamesimama kama watu wanaosubiri basi. Nagakubo hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha.

Kwenye mara ya tisa, nikiyatazama mabega ya Shiba yaliyotulia, nilielewa. Bega la Minobe la kushoto likishuka, mtu anakuja kutoka kushoto. La kulia, kulia. Yote mawili, geuka nyuma. Minobe alikuwa haruki wala hachezi ngoma. Alikuwa ananisomea mapigano kwa mabega yake, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kufa tu, na mimi nilidhani ni ustadi wangu. Si msimu huu peke yake. Nikikumbuka nyuma, ni misimu mitatu, pengine minne.

Nikadai kizunguzungu. Wakaahirisha.

Juni 28, Jumatatu. Mawingu, bila mvua.

Nimekwenda kwake. Anakaa nyumba ndogo karibu na mto, peke yake tangu mkewe afariki. Alikuwa kizingitini na beseni la plamu za kuweka chumvini, anatoa vikonyo kimoja kimoja kwa kijiti cha meno. Bandeji imemfunika nyusi. Nilikuwa nimevaa kifaa changu. Mara ya kwanza nje ya chumba.

Alikiona. Akashusha barakoa kidevuni, akasogea mpaka mwanga ukamwangukia usoni.

"Kumbe kinakaa hapo," akasema. "Mi nilidhani ni kikubwa kama redio."

"Tangu lini unajua?"

"Mwaka ule wa filamu ya daraja. Mkanda wako ulifunguka, nikakuita mara tatu. Nikakuita mpaka mbwa wa jirani akaja. Wewe kimya." Akatoa kikonyo. "Halafu ukaanza kucheka kila ukiulizwa swali. Bosi, wewe hukuwa mtu wa kucheka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenijibu nini?"

Najua ningemjibu nini. Ningemfukuza.

Nikaanza hotuba niliyoitunga njiani, ya shukrani, ya miaka yetu ya bwenini. Akanikatisha kwa kunyoosha kile kijiti. Sikuwahi kumwona amekasirika. Minobe amekufa mbele yangu kwa kila namna, lakini hasira yake sikuijua.

"Siku tisa," akasema. "Nimekaa hapa siku tisa, nasema leo atasema, leo atasema. Unaleta tikiti! Mimi pale topeni nilikupa nafasi ya kuvuta pumzi. Sikukupa kazi yangu."

"Nikisema watanichukulia kila kitu."

"Ndiyo."

"Sitabaki na kitu, Minobe."

"Utabaki kama mimi. Hilo tu ndilo linakutisha, sema ukweli. Kuwa kama mimi."

Nililia, mtu mzima, kizingitini mwa mtu. Yeye aliendelea na plamu zake. Nilipoondoka hakunisindikiza.

Juni 30, Jumatano. Mvua.

Sikusema.

Julai 1, Alhamisi. Mvua.

Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi ya Nagakubo. Alikuwa anakula. Sikusema.

Julai 2, Ijumaa. Mvua.

Sikusema. Shiba kanipigia saluti nzuri sana. Sina amani hata na saluti.

Julai 3, Jumamosi. Mvua.

Nimesema.

Nilivalishwa wigi kwanza, kisha kimono, kisha nikachomoa kifaa mfukoni mwa mkoba wangu na kukivaa. Mama wa wigi alishika mdomo. Nikatoka hivyo hivyo hadi uwanjani, mahali wote wanapokusanyika kusalimiana "asubuhi njema", salamu tunayopeana hata kama ni saa kumi jioni. Nikainama mpaka kiuno.

"Mimi sisikii," nikasema. "Sikio moja halipo, la pili linaondoka. Mwalimu Iba alinieleza mpango mpya, sikusikia, nikaitikia. Minobe Yasuji alifanya alichoambiwa. Niliyekosea ni mimi, nikakaa kimya siku kumi na nne."

Nilipoinuka, Nagakubo alikuwa amevua barakoa. Kisha fundi taa akavua. Kisha wote, mmoja mmoja, ingawa ni marufuku, ili niwaone vinywa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Iba ndiye aliyesema kwanza. "Nilijua Minobe hakukosea. Mwendo wake niliuhesabu mimi mwenyewe." Uso ulikuwa umemshuka. "Ilikuwa rahisi zaidi kumwondoa yeye."

Bi Odagiri alilia kwa hasira. "Mzee, mimi meneja wako! Miaka kumi na minane! Nimekusemea kwa watu wangapi kwamba una maringo?" Alikuwa na haki.

Julai 6, Jumanne. Mvua.

Kituo cha televisheni kimeamua. Hakuna bima itakayonikubali na upanga mkononi. Msimu unafupishwa, na shujaa wangu atakufa kwenye sehemu ya mwisho. Wenye dawa ya tumbo nao wameandika barua fupi yenye heshima.

Nilidhani nitaumia zaidi. Nimeumia, lakini nimelala.

Nagakubo alileta mswada mwenyewe, akiwa na Iba, akakaa mbele yangu, akasema polepole, "Tumtafute nani wa kukuua? Nina majina matatu, wote nyota."

"Minobe Yasuji."

Iba akadakia. "Bwana Kuramochi, watazamaji hawamjui. Shujaa wa misimu sita hauawi na mtu asiye na jina."

"Basi liandikeni."

Julai 8, Alhamisi. Manyunyu.

Minobe amekubali. Ujumbe wake wote: Sitakuonea huruma.

Julai 12, Jumatatu. Mvua.

Wamempa sentensi nne. Katika maisha yake yote ya kazi alichowahi kusema mbele ya kamera ni "Yaaa!" na "Aaagh!" Mchana kutwa tumekaa kwenye benchi la chumba cha mapanga, yeye anasema, mimi nasoma midomo. Anaogopa vibaya. Jasho linamtoka.

"Bosi, hili neno la pili nalibeba wapi, kifuani au kooni?"

"Unaniuliza mimi? Sikusikii."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Wengine watanicheka."

Nikamwambia aseme kama anavyoongea na plamu zake. Akanitukana. Ikatoka vizuri.

Julai 16, Ijumaa. Mvua kubwa, wanasema ni ya mwisho.

Mtaa ule ule wa mbao. Nagakubo aliingoja mvua tena. Minobe alisema sentensi zake nne, uso wake mpana ambao haukupendwa na mtu umelowa, na mafundi waliacha kutembea. Nilimtazama nikamwogopa kweli. Hakuchezesha bega. Akaja, akanikata kutoka shingoni hadi kiunoni, nikaanguka chali.

Sijaanguka topeni tangu nikiwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimesahau kwamba ni baridi, na kwamba maji yanaingia kwenye wigi. Nikalala. Sikusikia kama kamera zimesimamishwa. Sikujua kama bado ni maiti au nimeshakuwa mtu. Mtu wa kukatwa akiinuka mapema anaharibu kazi ya wote, kwa hiyo nikabaki pale pale.

Kichwa cha Minobe kikatokea juu yangu. Alichuchumaa, akahakikisha namwona mdomo.

"Umekufa vibaya," akasema.

"Wapi?"

"Macho. Tone likija unafumba kabla halijafika. Maiti haogopi mvua."

Nagakubo alimwambia kitu kutoka kwenye kamera. Nadhani alisema inatosha. Minobe akamtazama mwongozaji, yeye ambaye miaka arobaini na mitatu amesema "samahani" na "ndiyo", akatikisa kichwa kwamba haitoshi. Wakanifuta tope, tukarudia. Mara ya pili nikapepesa. Mara ya tatu Minobe hakuridhika na mkono wangu wa kushoto.

Ya nne niliyaacha macho wazi. Mvua iliingia moja kwa moja, ikachoma, juu yangu hakukuwa na kitu ila weupe unaoanguka. Sikusikia mtu yeyote akisema chochote. Nikakaa hapo chini, sitikisiki, mpaka Minobe aliponishika mkono na kuninyanyua.